Maharage ya Tanuri na Ng'ombe wa Mzee Sayi

Mzee Sayi aliungua vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa maharage yaliyopikwa nyumbani kwangu, na plau yake haikuingia shambani kwangu mwaka ule. Hilo ndilo lililotokea. Mengine yanayosemwa hapa kijijini Mpui, kwamba mke wangu alitia kitu kwenye chakula, kwamba jirani yangu Marselino alinichimba, ni maneno ya kilabuni. Hakuna aliyetia kitu. Kulikuwa na bakuli la moto na kulikuwa na hasira zangu.

Mwaka ni 1993. Machi ile maksai wangu wawili, Jeshi na Mkuki, walikufa kwa ndigana, homa ya kupe, ndani ya wiki moja. Zamani josho la kijiji lilikuwa na dawa. Unapeleka ng'ombe Jumatano, wanaoga, mnarudi nyumbani. Kisha tukaambiwa mambo yamebadilika, kila mfugaji ajinunulie dawa yake dukani. Na kweli maduka yalijaa. Kitu tulichokuwa tukikipangia foleni, sasa kilikutazama kutoka rafuni kama kinakucheka. Mimi nikasema dawa nitanunua nikishauza mahindi. Mnunuzi wa mahindi alifika Aprili. Kupe hawakumsubiri mnunuzi.

Kwa hiyo Novemba ilipofika nilikuwa na ekari nne, mbegu, na jembe la mkono. Anayelima anajua maana yake. Mahindi yetu ya uwandani yanataka kuingia ardhini mvua za kwanza. Ukichelewa wiki tatu, unapanda kuni.

Tegemeo langu lilikuwa Mzee Sayi. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia Kaoze, kule chini bondeni, na ng'ombe wake wengi. Kila Novemba alipandisha mlima na jozi mbili za maksai na mwanawe Nyanda, wakatulimia huku juu siku kumi, halafu wakateremka kwenda kulima kwao. Baba alishika plau, mwana aliongoza ng'ombe mbele. Malipo alichukua baada ya mavuno, kwa magunia. Orodha ya majina hakuwa nayo. Alikula kwa kila aliyemwalika, akatazama majani ya kulisha ng'ombe wake, akatazama watu wa nyumba ile, kisha akasema, "Naanza kwa fulani." Siku kumi zinatosha watu wawili, wa tatu kwa kubanana. Mwaka ule tuliomtaka tulikuwa watano.

Marselino akamchinjia mzee mbuzi. Jioni yake tulikuwa kilabuni tumezunguka chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kila mtu na mrija wake, naye akaanza.

"Leonardi, kesho mzee anakula kwako. Utampa nini? Mlenda?"

"Usijali la kwangu."

"Kuku wako si walikwisha kwa kideri? Au utamchinjia paka?"

Watu wakacheka. Mimi nikasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Kwangu atakula kitu ambacho wewe na mbuzi wako hamjawahi kukiona."

"Kitu gani hicho?"

"Maharage."

Walicheka mpaka mirija ikawatoka mdomoni. Eustaki, mzee wa kanisa, alilazimika kusimama ili akohoe vizuri. Nikaondoka na kichwa kimepata moto, nikamkuta mke wangu Kalista anapepeta ulezi.

"Kesho pika yale ya tanuri," nikamwambia.

Lazima nieleze chakula chenyewe, maana kilikuwa kitamu na nitagombana na yeyote anayesema vinginevyo. Mwaka mmoja kabla yake Kalista alikwenda Sumbawanga siku tatu kwenye mafunzo ya akina mama. Sista Mary, aliyefundisha mapishi, aliwaonyesha namna ya kuoka mboga na maharage. Yeye aliita gratini. Sisi nyumbani tuliita maharage ya tanuri.

Unachemsha maharage ya njano mpaka yaive lakini yasivurugike. Viazi mviringo unavikata vyembamba kama sarafu, unavitandaza chini ya bakuli. Juu yake kabichi na karoti vilivyokaangwa kidogo na kitunguu. Juu yake maharage. Kisha maziwa, na hapo ndipo penye kazi: unakaanga unga wa ngano kwenye siagi, unamimina maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa. Hayo unayamwaga juu, yanashuka mpaka kwenye viazi. Mwisho unaparaza mkate mkavu, unachanganya na karanga zilizotwangwa, unafunika pote. Unaingiza tanurini. Kinatoka juu kikavu, rangi ya kahawia, kinalia kama majani makavu ukikigusa.

Tanuri nililijenga mimi. Nilinunua nusu pipa Sumbawanga, nikalipakia juu ya lori la viazi, nikalilaza uani nikalizungushia udongo wa kichuguu. Moto chini, makaa juu. Kalista hakunibembeleza nilijenge, nililijenga mwenyewe baada ya kula mara ya kwanza.

Kwa hiyo siwezi kusema sikukijua chakula kile.

Siku ya pili Kalista aliamka na kazi hiyo moja. Maziwa aliomba kwa dada yake, siagi akatoa kwenye kopo alilokuwa akilificha kwa ajili ya Krismasi. Bakuli alilotumia lilikuwa la udongo, pana, zito, alilofinyangiwa na mama yake. Udongo ule unashika joto. Unaweza kulitoa tanurini, ukaenda kisimani ukarudi, bado likakuchoma.

Mzee Sayi na Nyanda walifika saa tisa alasiri. Binti yetu Kristiana akawawekea mkeka na vigoda barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Leonardi. Za hapa? Nasikia leo tunakula maharage ya ajabu. Kule kwa mwenzako walikuwa wanaimba habari zake."

"Waache waimbe."

"Mimi sina shida na maharage," alisema mzee. "Shida yangu ni meno. Mbuzi wa yule bwana alikuwa babu."

Nyanda akacheka, nami nikacheka. Alikuwa mtu mwema. Alitazama majani nyuma ya nyumba yangu, akauliza maji ya ng'ombe yako wapi, akauliza ekari ngapi. Nikamwambia nne.

"Siku nne," akasema. "Udongo wako mwepesi. Pengine tatu na nusu."

Hakusema anaanza kwangu. Lakini mtu hahesabu siku za shamba asilotaka kulilima. Nikaingia jikoni upesi.

Kalista alikuwa ndiyo kwanza ametoa bakuli. Alikuwa ameweka kwenye sahani vijiko sita alivyopewa na Sista Mary kwenye mafunzo.

"Peleka," nikasema.

"Bado. Kinatakiwa kikae. Muda wa kusali matendo matatu ya rozari, ndipo kinashika na kupoa. Unajua hivyo, baba Kristiana."

"Wale wana safari. Nyanda amesema wanataka kupita kwa Eustaki kabla jua halijazama."

"Basi nipakue kwenye sahani, kitapoa upesi."

"Upakulie jikoni? Mgeni atajuaje umebakiza nini huku? Peleka bakuli zima waone."

"Na vijiko je?"

"Vijiko vya nini? Mzee kama yule ukimpa kijiko atadhani unamwona mgonjwa."

Alinitazama. "Hiki si ugali," alisema. "Ugali unatoa mvuke, mtu anajihadhari. Hiki juu kimepoa, chini ni moto."

"Mama Kristiana, peleka chakula."

Akapeleka. Alifunga vitambaa viwili mikononi, akalibeba, akapiga goti akaliweka kwenye mkeka. Kristiana akapita na maji, tukanawa. Kalista akasema kwa sauti ya chini, "Karibuni, ila kina moto, mngoje kidogo." Mimi hapo hapo nikampiku kwa sauti ya juu: "Karibu mzee, wewe ndiye mkubwa, tuanzie."

Chakula kilikuwa kizuri kukitazama. Hakuna mvuke hata uzi mmoja. Mzee Sayi alikiangalia akatikisa kichwa.

"Nyie Wafipa," alisema. "Maharage mmeyajengea nyumba na bati juu."

Akaingiza mkono. Alikula kama anavyokula mtu wa ugali siku zote za maisha yake: vidole vitatu, vimezama mpaka kwenye kiungo cha pili, ili amege tonge. Ganda likavunjika, vidole vikaingia kwenye yale maziwa mazito. Uji wa maji ungemchoma ukateleza. Huu uliganda. Alivuta mkono na ule uji ukaja nao, umeng'ang'ania vidoleni, akaupiga chini, haukutoka, akaufuta kwenye goti ukamchoma goti. Akamwita mama yake kwa Kisukuma, mzee wa miaka sitini na kitu.

Kalista alikuwa wa kwanza kufika. Alitia mkono wa mzee kwenye beseni la kunawia, akaufuta taratibu chini ya maji, Kristiana akakimbilia mengine ya baridi mtungini. Ngozi ya kidole cha shahada ilikuwa imeanza kuinuka. Nyanda amepiga magoti, anamshika baba yake bega. Mimi nimesimama. Sikufanya kitu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki ndicho watu wa kilabuni hawakisemi. Mzee Sayi alipumua, akapumua tena, kisha akacheka. Macho yana machozi lakini anacheka.

"Mama," alimwambia Kalista, "chakula chako kimevaa koti. Nilidhani kimelala."

"Nisamehe, baba yangu."

"Wewe ulisema tungoje. Nilikusikia, njaa haikukusikia."

Nyanda naye akasema, "Baba, mkono huu utapumzika. Plau nitashika mimi. Mzee Leonardi ataongoza ng'ombe, si unaweza kuongoza, mzee?"

"Naweza," nikasema.

"Basi," alisema Mzee Sayi. "Kikipoa tule. Nataka nijue nimechomwa na kitu gani."

Unaona? Yalikuwa yamekwisha. Shamba langu lilikuwa limelimwa pale pale kwenye mkeka. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa chini na kufunga mdomo.

Marselino akatokea kwenye uzio. Alikuwa amekuja kuwachukua wageni awasindikize kwa Eustaki, au alikuja kuona, sijui. Aliona mkono wa mzee kwenye beseni, akaona bakuli limetobolewa katikati.

"Leonardi!" alisema. "Kumbe ulisema kweli. Mbuzi wangu hajawahi kumng'ata mtu!"

Hata Kristiana alicheka. Mtoto, alicheka kwa woga. Nyanda alicheka. Mzee Sayi mwenyewe alicheka, na kila aliyecheka niliona anacheka maksai wangu waliokufa, anacheka kuku wangu waliokufa, anacheka pipa langu nililolipakia juu ya viazi. Nikamgeukia mke wangu.

"Mwanamke wewe huna akili? Unamletea mtu mzima moto kwenye bakuli?"

Kalista aliendelea kumfunga mzee kitambaa. Alisema bila kuinua kichwa, "Nilikwambia ungoje."

"Nini?"

"Nilikwambia, baba Kristiana. Jikoni, nikarudia hapa."

Alilisema taratibu tu. Hakunitukana. Lakini alilisema mbele ya wanaume watatu, na lilikuwa kweli, na mimi kweli ile sikuiweza. Nilishika vile vitambaa viwili, nikainua bakuli, nikalitupa uani kwa nguvu zangu zote. Lilipasuka kwenye jiwe la kufulia. Maharage, viazi, karanga, kopo zima la siagi ya Krismasi, vyote chini. Mbwa wa Marselino alikimbilia, akaungua pua, akalia. Hakuna aliyecheka safari hii.

Mzee Sayi alinyanyuka polepole. Kitambaa kilikuwa hakijafungwa vizuri, kilining'inia.

"Leonardi," alisema, "mkono wangu ulikuwa mle."

"Mzee, nimekasirika na huyu mwanamke, si na wewe."

"Nimekwambia mkono wangu ulikuwa mle. Kwetu chakula alichokwisha kutia mkono mgeni ni cha mgeni. Kikiwa kibaya, yeye ndiye atakisukuma pembeni. Mwenye nyumba hakimwagi mgeni akiwa amekaa. Ukikimwaga umemwambia aondoke."

"Sikukuambia uondoke."

"Maharage yamenichoma tu, hayana ubaya. Wewe umenitupa nje." Akamgeukia mwanawe. "Nyanda, twende."

"Mzee, shamba langu..." nikasema.

"Mtu anayetupa chakula cha mkewe mbele yangu," alisema, "ng'ombe wangu wakikosea mstari atawafanya nini?"

Alimuaga Kalista kwa heshima, akamshukuru kwa maji. Mimi alinipita. Marselino aliwafungulia mlango wa uzio, na nitasema haki yake: hakutania, na alikuwa anatazama chini.

Asubuhi nilikwenda kwa Marselino walikolala. Nilikwenda na kofia mkononi. Mzee alikuwa amekaa juani, mkono umefungwa kwa kipande cha shuka, maana zahanati bandeji zilikuwa zimekwisha na muuguzi alimwambia aende na yake. Nyanda alikuwa tayari shambani kwa Marselino ameshika plau. Nikaomba radhi. Nilisema nilikosa, nilisema hasira, nilisema maksai wangu.

"Nimekusikia," alisema.

"Basi utanisaidia?"

"Nimekusikia, Leonardi. Ng'ombe wangu wana siku tisa tu zilizobaki."

Nilikaa pale kama nusu saa. Alinikaribisha uji, nikanywa, nikaondoka. Wakalima kwa Marselino, wakalima kwa Eustaki, wakateremka Kaoze.

Nyumbani nilimkuta Kalista amechukua jembe. Alikuwa ameanza upande wa juu peke yake, kanga imefungwa kiunoni. Nikachukua langu. Alilima na mimi siku zote hizo. Hakununa, hakurudi kwao kama wengine wangefanya. Nilipouliza alijibu. Yeye hakuniuliza kitu. Siku moja tu, tumekaa chini ya jua tunakula viazi vya kuchemsha, nilimwambia nitamtafutia bakuli jingine.

"La nini?" alisema.

Nikarudi kwenye jembe. Nilikuwa na hasira bado, na nilitafuta wa kumpa nikamkosa. Marselino alitania kama anavyotania kila siku. Mzee alitaka kula. Mke wangu alisema mara mbili. Serikali ilijitoa kwenye josho, sawa, lakini haikuwa imeshika bakuli lile. Ukizunguka kote unarudi kwa mtu mmoja, na mtu huyo huwezi kumpiga wala kumfukuza, unaamka naye.

Gharama yake niliihesabu baadaye, na niliihesabu vizuri.

Vidole vya Mzee Sayi vilikuwa vitatu. Viwili vilipona kabla ya Krismasi. Cha shahada hakikunjiki tena.

Bakuli la udongo, moja. Aliyelifinyanga amekwisha kufa.

Ekari nne zilizokuwa zilimwe kwa siku nne. Tulilima moja na nusu kwa jembe la mkono, siku ishirini na tatu. Kristiana alikosa shule siku kumi na saba katika hizo, akarudia darasa la sita. Ekari mbili na nusu zilibaki majani.

Magunia kumi na matatu badala ya arobaini. Manne yalikuwa mbegu na deni la mbegu. Tisa ya kula, watu sita. Yalikwisha Februari.

Na Novemba nne tangu siku ile. Mzee Sayi amepandisha mlima zote, na hakuna hata moja aliyokula kwangu.